Kipa wa miaka 17 na ofa ya Ureno

Ndugu, umesema wakala anataka dola 1,500 za "majaribio" ili mdogo wako, kipa wa miaka 17, aende klabu ya Ureno. Usitume. Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinazuia mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Misamaha ipo michache, mfano wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizo za soka, na kwa ulivyoeleza haimgusi mdogo wako. Hata akifika, bila hati ya uhamisho kutoka TFF (shirikisho la soka Tanzania) hasajiliwi. Atafanya mazoezi hadi viza iishe.

Jina la wakala litafute kwenye orodha ya wenye leseni, tovuti ya FIFA. Halipo? Achana naye.

Mwaka huu mrekodini mechi nzima nzima: krosi, kutoka golini, pasi za miguu yote miwili. Video ya kupangua mashuti pekee huficha udhaifu, na makocha wa makipa wanalijua hilo.