Black-Scholes naijua, mbona usaili umenishinda?

Swali: Nina shahada ya kwanza ya fizikia na ninatafuta kazi ya uchambuzi wa kihisabati katika masoko ya fedha. Kanuni ya Black-Scholes, ya kukokotoa bei ya opsheni (mikataba inayotoa haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyopangwa), naithibitisha hatua kwa hatua, lakini usaili wa kwanza ulinishinda. Je, nirudi chuoni kusomea uzamivu?

Jibu: Usirudi kwa sababu ya usaili mmoja. Amua kwanza unataka kazi ipi. Benki zinahitaji watu wa kuthamini opsheni na kukagua modeli, na huko kalkulasi ya Itô, yaani hisabati ya vitu vinavyobadilika kwa nasibu, bado ina kazi. Kampuni zinazowekeza mtaji wao wenyewe hutafuta zaidi mtu wa takwimu anayejua kuandika programu. Uzamivu una uzito mkubwa kwenye nafasi za utafiti; kwingine wengi huajiriwa bila huo.

Nahisi ulikwama kwenye uwezekano, maana ndiko wasaili hupenda kuchimba. Ukirusha sarafu, kwa wastani utarusha mara ngapi hadi upate kichwa mara mbili mfululizo? Mara 6. Na kichwa kikifuatwa na mkia? Mara 4. Ukishapata kichwa cha kwanza, katika mchezo wa kwanza kukosa kunakurudisha mwanzo kabisa. Katika wa pili, ukikosa bado una kichwa mkononi. Fanya maswali ya aina hii mpaka uweze kueleza sababu kwa mdomo, bila karatasi.

Kisha takwimu, na hapa nakusihi usiharakishe. Tuseme mbinu yako ya kununua na kuuza imeonyesha uwiano wa Sharpe (faida ya ziada ya mwaka ikigawanywa kwa kiasi inavyoyumba) wa 1 kwa data za miaka 4. Kosa la makadirio hayo ni takribani 1 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha miaka, yaani 0.5. Kwa hiyo uwiano halisi unaweza kuwa karibu na sifuri, au karibu na 2. Tena kama ulijaribu mbinu 100 zisizo na maana yoyote, kwa kigezo cha asilimia 5 takriban 5 zitafaulu kwa bahati tu. Andika idadi ya majaribio yako yote.

Black-Scholes ya 1973 usiitupe, ila uweze kusema inavunjikia wapi: inachukulia kuwa kiwango cha bei kuyumba hakibadiliki, wakati tangu anguko la Oktoba 1987 opsheni za kujikinga na bei kuporomoka huuzwa ghali kuliko inavyotabiri.

Sasa chukua data za bei zinazopatikana bure, jaribu wazo moja kwa lugha ya programu ya Python, kata gharama za kununua na kuuza, na miaka ya mwisho usiiguse hadi siku ya kupima. Nenda na kazi hiyo kwenye usaili ujao, hata kama wazo limefeli.