UPS ya kompyuta haiwezi friji

Ndugu, umeuliza kama UPS (kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme kwa muda mfupi) ya VA 650 uliyoinunulia kompyuta inaweza pia kuliendesha friji umeme ukikatika. Haifai. UPS nyingi za ukubwa huo hutoa wati zisizozidi 400 hivi, na ingawa friji dogo likishatulia hula wati 100 au 150 tu, kompresa yake, yaani mota inayosukuma gesi ya kupoza, inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya hapo, na UPS itapiga kelele kisha ijizime. Hata kama ingehimili, betri yake aghalabu ni moja tu ya volti 12, inayotosha kuhifadhi kazi yako na kuzima kompyuta kwa utaratibu.

Friji langu nimelinunulia kifaa cha kulilinda, kile cha kuchomeka ukutani chenye taa ndogo, ambacho hukata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiasi na husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, ili kompresa ipumue kwanza.

UPS nayo, baada ya miaka miwili au mitatu, ikianza kuzima papo hapo umeme unapokatika, usikimbilie mpya kama wauzaji wanavyopenda. Mara nyingi kilichochoka ni betri peke yake, nayo hubadilishwa.