Pacha aliyesafiri, saa iliyochelewa na kasi isiyovunjika

SWALI: Naomba ufafanuzi. Nimesoma kwamba mtu akisafiri kwa kasi kubwa mno, muda wake hupita polepole. Kwanza, kinachochelewa ni muda wenyewe au ni saa tu inayovurugwa na mwendo? Pili, kama mwendo ni wa kulinganisha, mimi nitasema yeye ndiye anayekwenda na yeye atasema mimi ndiye ninayekwenda. Iweje basi pacha aliyesafiri ndiye arudi akiwa mdogo, na si aliyebaki? Tatu, ndege zilivunja kizuizi cha sauti. Kwa nini kasi ya mwanga nayo isivunjwe siku moja?

JIBU: Nianze na saa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Ukiwa ndani ya chombo kinachokwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga, kwa mwendo usiobadilika, hakuna kipimo chochote utakachofanya humo ndani kitakachokuonyesha kwamba muda wako una kasoro. Mapigo ya moyo, saa ya mkononi, maji yanayochemka, vyote vitakwenda sambamba kama ulivyozoea. Ile dhana ya msafiri anayejiona akisogea kizitokizito inapotosha sana. Tofauti hujitokeza pale tu saa yako inapolinganishwa na saa ya mtu mwingine, kwa hiyo kila tunaposema "muda umechelewa" inatupasa tutaje ni kwa saa ya nani na kuanzia tukio gani hadi tukio gani.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa muoni. Hizi ni chembe zinazozaliwa juu angani, kiasi cha kilomita 15 hivi, miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kubwa zitokazo anga za mbali, inapogonga angahewa. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), kisha husambaratika. Hata ikikimbia karibu sawa na mwanga, katika muda huo isingefika mbali zaidi ya mita 660 hivi. Mwaka 1963 wanafizikia David Frisch na James Smith walichapisha matokeo ya kuzihesabu kwenye Mlima Washington, Marekani. Kileleni walipata muoni kama 560 kwa saa. Kisha wakahesabu karibu na usawa wa bahari, takriban mita 1,900 chini yake. Kama muda ungepita sawa kwa wote, zilitakiwa zibaki kama 27 tu, lakini wao walihesabu zaidi ya 400. Muoni haina springi wala betri ya kuvurugwa na mwendo. Haina kitu ndani yake cha kuharibika. Kilichopita kidogo kwake ni muda wenyewe.

Swali lako la pili ni zuri mno, na uko sahihi kwa sehemu kubwa: wakati mnaachana, kila mmoja wenu atapima kwamba saa ya mwenzake inachelewa. Hakuna mgongano hapo, kwa sababu hamjakutana tena kulinganisha. Kazi iko kwenye kukutana, na hapo inafaa tuhesabu.

Tuchukue nyota iliyo umbali wa miaka-mwanga 4, yaani mwanga huchukua miaka 4 kuifikia, na chombo kinachokwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga. Pacha aliyebaki atahesabu miaka 5 ya kwenda na 5 ya kurudi, jumla 10. Kwa kanuni za Einstein za mwaka 1905, saa ya msafiri itahesabu miaka 3 ya kwenda na 3 ya kurudi, jumla 6. Sasa waagane kwa makubaliano kwamba kila mmoja atatuma ishara moja ya redio kila mwaka unapotimia kwenye saa yake mwenyewe. Redio husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo ishara hizi zitatusaidia kuona nani anapokea nini, na lini.

Wanapoachana, kila mmoja anapokea ishara ya mwenzake mara moja katika miaka 3. Wanapokaribiana, kila mmoja anapokea ishara 3 kwa mwaka. Mpaka hapa mambo ni sawasawa kwa wote wawili, kama ulivyodai. Usawa unavunjika kwenye jambo moja: ni lini kila mmoja anayaona mabadiliko hayo. Msafiri ndiye anayegeuza chombo, na papo hapo anaanza kukutana na ishara za nyumbani kwa wingi. Katika miaka yake 3 ya kwenda amepokea ishara 1, na katika miaka yake 3 ya kurudi anapokea 9. Jumla 10. Aliyebaki hawezi kujua kwamba mwenzake amegeuka mpaka habari ya kugeuka imfikie. Chombo kimegeuka mwaka wa 5, na habari inachukua miaka 4 njiani, basi anaiona mwaka wa 9. Katika miaka hiyo 9 amepokea ishara 3 tu, na katika mwaka mmoja uliobaki zinamfikia 3 nyingine, ya mwisho ikiingia pamoja na mtumaji wake. Jumla 6.

Hesabu zinalingana bila ishara hata moja kupotea. Mmoja ana miaka 10 na mwenzake 6, na wote wawili wanakubaliana juu ya hilo. Nakusihi uchukue kalamu uirudie hesabu hii mwenyewe, maana ukishaipata kwa mkono wako, neno "kitendawili" ambalo hubandikwa kwenye habari ya mapacha linakosa kazi.

Magari mawili yakitoka mji mmoja na kukutana mji mwingine kwa njia tofauti, vipimo vyao vya kilomita vitasoma tofauti, na hakuna atakayesema gari moja limeharibika. Saa nayo hupima urefu wa njia yake, kuanzia kuagana hadi kukutana. Ila kwenye muda kanuni imegeuka: aliyekwenda moja kwa moja bila kubadili mwendo ndiye anayehesabu muda mrefu zaidi, na kila anayekata kona huhesabu mfupi.

Utasikia pia kwamba ile nguvu ya kugeuka ndiyo inayoizuia saa ya msafiri. Sikubaliani na maelezo hayo, hata kama yanapatikana mahali pengi. Kugeuka kunaamua ni njia ipi imepitwa, lakini hakuigusi saa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1977 na CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, yalitokana na muoni zilizozungushwa kwenye pete, zikiwa na mchapuko (kiwango cha mwendo kubadilika) mkubwa kuliko wa graviti ya hapa duniani kwa takriban mara bilioni bilioni moja. Ziliishi mikrosekunde 64 hivi, yaani mara 29 ya kawaida, kiasi kilekile ambacho kasi yake pekee inatabiri. Mchapuko wote ule haukuongeza wala kupunguza kitu.

Graviti ni habari nyingine, na isichanganywe na hiyo. Kadiri unavyokuwa juu, mbali na Dunia, saa hukimbia kidogo zaidi. Setilaiti za GPS, zilizo kilomita kama 20,200 juu yetu, huonyesha mambo yote mawili kwa pamoja: mwendo wake unazichelewesha saa zake kwa mikrosekunde 7 hivi kwa siku, na graviti pungufu inaziharakisha kwa 45 hivi. Baki ni mikrosekunde 38 mbele kila siku. Mwanga hupiga zaidi ya kilomita 11 katika muda huo, ndiyo maana mfumo ule umeundwa tangu mwanzo ukiizingatia tofauti hiyo.

Sasa kizuizi cha sauti. Rubani Mmarekani Chuck Yeager alikipita mwaka 1947, lakini kile kilikuwa kikwazo cha ufundi: hewa, umbo la ndege, nguvu ya injini. Risasi zilikuwa zimekipita zamani. Kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde katika ombwe (mahali pasipo hewa wala kitu), ni sehemu ya namna umbali na muda vinavyofungamana, na mwanga ni mmoja tu wa wanaoifuata. Ndiyo maana kasi hazijumlishwi tulivyozoea. Chombo kinachokwenda kwa asilimia 90 ya kasi ya mwanga kikirusha mbele kombora, nalo likikiacha chombo kwa asilimia 90 vilevile, sisi tuliosimama tutapima asilimia 99.4 hivi, wala si 180. Na chombo hicho kikiwasha taa, aliye ndani na aliye nje wote watapima mwanga wake ukienda kwa kasi ileile.

Hili halikubakia kwenye karatasi. Katika mashine kubwa ya CERN ya kukimbiza chembe, protoni huingia zikiwa na nishati ya bilioni 450 za elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe), na hapo tayari zimepitwa na mwanga kwa mita 650 tu kwa sekunde. Kisha zinaongezewa nishati mpaka trilioni 6.8, yaani mara 15. Kwa nishati yote hiyo, kasi yake inapanda kwa chini ya mita 650 kwa sekunde, na mwanga bado unazitangulia kwa karibu mita 3 kila sekunde. Ongeza nishati mara 15 nyingine, na pengo hilo litabaki sentimita moja na ushei.