Usianze na Mchanganyiko: Nilivyojifunza Kuusikiliza Muziki wa Wagogo

Nimekulia pwani, masikio yangu yamelelewa na fidla na ganuni za taarab, na kwa miaka mingi niliamini kwamba muziki wa Wagogo wa Dodoma ni burudani ya kupokelea wageni wa serikali tu. Ni ujinga ninaoukiri kwa aibu, hasa kwa kuwa taarab yenyewe imechota Misri, India na Ulaya kabla ya kuwa yetu.

Kilichonizindua ni albamu ya mchanganyiko, Assembly, ambayo hayati Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliitoa mwaka 2002 pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Niliipenda papo hapo, ila niliipenda vibaya: nilifuata gitaa na mitambo niliyokwisha kuizoea, huku sauti ya Zawose ikinipitia kama nakshi za mlango wa jirani. Miezi kadhaa baadaye nilipata Chibite, albamu yake ya mwaka 1996, isiyo na gitaa la kuegemea, nami nikachoka kabla ya wimbo wa tatu.

Nilirudi kwa sharti moja, ambalo ndilo ushauri wangu kwako: chagua ala moja, uifuate tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, na usijali mengine. Mimi nilichagua ilimba. Ni kisanduku chenye ndimi za chuma zinazodonolewa kwa vidole gumba, lakini baadhi ya ndimi hizo haziguswi kabisa. Hutetemeka zenyewe jirani zake wanapopigwa, na uvumi ule niliokuwa nikiudhania kasoro ya kurekodi ndio utamu wenyewe. Aidha, ngazi ya sauti za Wagogo inatokana na sauti za asili zinazozaliwa juu ya sauti moja ya msingi, kwa hiyo hailingani barabara na funguo za piano. Nilipoirudia Assembly baada ya kulijua hilo, nilisikia watu wawili wakipishana njia kwa adabu, na mahali pengine, kwa maoni yangu, gitaa lingenyamaza tu.

Sikio hilo halikuishia Dodoma. Nilipokutana na waimbaji wa Tuva, kusini mwa Siberia, ambao koo moja hutoa mvumo wa chini na mluzi wa juu kwa wakati mmoja, sikushangaa kama wenzangu, kwa sababu sauti zile zilizozaliana nilikwisha kuzizoea kwenye ilimba.

Maneno nayo yasikupite: mtafute msemaji wa lugha husika, umlipie chai, umwombe akufafanulie wimbo mmoja. Sasa ninafanya hivyo kwa Maisha, albamu ya mwaka 2024 ya The Zawose Queens, yaani Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, waliotoka katika ukoo ambao wanawake wake kwa muda mrefu waliitikia nyuma ya wanaume. Nimefika wimbo wa pili.