Shule wanakwambia asubiri ajue Kiingereza? Usisubiri, andika barua

Pole sana dada. Umesema mtoto ana miaka 7, hata Kiswahili cha nyumbani hakimtoki vizuri, na shule hapo Texas wanasema ajue Kiingereza kwanza ndo wampime kama anahitaji elimu maalum. Mimi hapa Houston niliambiwa hayohayo nikasubiri mwaka mzima, kila nikipiga simu najibiwa kwa upole kabisa, tutaangalia mama, bado mgeni huyo, na mimi nashukuru nakata simu.

Siku moja mwalimu msaidizi akanisogelea dirishani kwenye foleni ya magari akaniambia mama, simu haziandikwi popote, leta barua. Nikaandika usiku uleule, sentensi mbili tu, naomba mwanangu afanyiwe tathmini ya elimu maalum, naomba apimwe kwa Kiswahili. Tarehe, sahihi, nikaipeleka mwenyewe ofisini wakanigongea muhuri kopi yangu.

Hapo ndo siku zinaanza kuhesabika. Shule ina siku 15 za masomo kukujibu kwa maandishi, wakubali au wakatae na sababu waiseme, na ukishasaini kukubali wana siku 45 za masomo kumaliza kumpima. Halafu hiyo ya Kiingereza, sheria ya IDEA, ile ya Marekani nzima ya elimu maalum, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, labda ishindikane kabisa.

Kwangu zilipita 15, zikafika 40, kimya. Nikalalamika jimboni, TEA, yaani idara ya elimu ya Texas inayosimamia shule. Hulipi kitu wala huhitaji wakili, unaeleza kosa gani na lini, unaambatanisha ushahidi, kopi unawapa shule. Kosa lisiwe limepita mwaka, na wao wana siku 60 kutoa uamuzi. Kwenye majibu walianzia tarehe ya ule muhuri wangu wakahesabu kwenda mbele, wakaandika shule imevunja sheria, impime, na kikao cha mzazi na watu wa shule kikae kiamue masaa ya tiba ya usemi ya kumfidia.

Najua kwetu kuishtaki shule unaona kama unamtafutia mtoto ubaya. Na sikufichi, TEA hawahawa mwaka 2004 waliweka kipimo cha asilimia 8.5, yaani wilaya ya shule ikizidisha hapo watoto wa elimu maalum inaonekana ina kasoro, wakati wastani wa Marekani nzima ulikuwa karibu 13, watoto wengi mno wakanyimwa msaada mpaka gazeti la Houston Chronicle likaianika 2016, bunge la Texas likapiga marufuku 2017, na Januari 2018 wizara ya elimu ya Marekani yenyewe ikatamka kwamba jimbo lenyewe limevunja sheria. Kwa hiyo nao wana wa kuwaangalia, ndo maana nakwambia lalamika tu.

Kitu kingine, wakikuita kwenye kile kikao wanachokiita ARD omba mkalimani mapema, ni haki yako na ni bure. Usimtumie mtoto mkubwa. Mimi kikao cha kwanza nilimchukua binti yangu wa miaka 12, akawa anatafsiri mbele ya watu wazima sita mambo ya mdogo wake ambayo hata yeye hayaelewi, katikati akanyamaza akaanza kulia, na hiyo mpaka leo inaniuma kuliko yote.

Jumatatu peleka barua dada. Ukishapata muhuri weka tarehe hapa tuzihesabu wote.