Maswali ya Wasomaji: Kubiti Isiyotulia Kwenye Nukta ya Kipekee

SWALI: Natumia kubiti (biti ya kompyuta ya kwanta) ya superkondakta (kipitishi cha umeme kisicho na ukinzani) yenye ngazi tatu za nishati. Ya kati inavuja kwenda ya chini kwa kasi γ = 4 kwa maikrosekunde; ya juu karibu haivuji. Mawimbi ya maikrowevu yanaunganisha kati na juu kwa nguvu J = 1, penye nukta ya kipekee, yaani pale hali mbili za mfumo zinapoungana kuwa moja. Duru (marudio ya jaribio) zilizoangukia chini nazitupa. Nilitarajia kubiti itulie upesi kwenye hali moja, lakini inajivuta, na nikingoja maikrosekunde 5 vipimo vinaharibika. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu ya J ni sahihi: nukta iko penye J = γ/4. Kosa ni kutafuta utulivu pale pale. Kwenye nukta ya kipekee hali mbili za mfumo huungana kuwa moja, na kasi zao za kufifia hulingana, basi hakuna kinachoichuja haraka sehemu usiyoitaka. Ukianzia ngazi ya juu, baada ya maikrosekunde 1 husalia duru 68 kwa 100, na kubiti imeikaribia hali lengwa (ile moja iliyoungana) kwa 90%. Baada ya 2 ni duru 24, kwa 96%. Baada ya 5 utafika 99.2%, ila zimesalia duru 28 tu kwa 10,000! Kisomaji kikikosea 1%, duru kama 100 zilizoanguka zitaandikwa kuwa zimesalia, na kuzifunika zile 28 za kweli.

Shusha J hadi 0.8. Sasa hali moja hufifia polepole kuliko nyingine, na ile ya haraka hujiondoa yenyewe. Kwa maikrosekunde 2 unapata 99.9%, na duru 42 kwa 100 zipo bado. Hali hiyo si ile ya nusu kwa nusu iliyo kwenye nukta: ina 80% juu na 20% kati. Kwa maneno mengine, J ndiyo kitasa cha kuchagulia hali unayoitaka, mradi ibaki chini ya γ/4.

Angalia pia uthabiti wa mawimbi. Karibu na nukta mfumo hufuata kipeuo cha pili cha kosa: J ikipanda kwa 1%, masafa ya hali hizo mbili huachana kwa takriban 0.28 kwa maikrosekunde, na kubiti huanza kubembea badala ya kutulia.

Na kama uvujaji ungerudi ndani ya ngazi zile zile mbili, bila kutupa duru yoyote, tafuta nukta penye J = γ/8.