Uyoga si mmea

Wapo wanaodai kwamba uyoga ni mmea usio na majani. Hapana, uyoga si mmea. Ni kuvu, pamoja na ukungu na hamira, na kuvu wana himaya (kundi kuu la viumbe) yao wenyewe tangu mwanabiolojia Robert Whittaker alipopendekeza mgawanyo wa himaya tano mwaka 1969. Sababu ya msingi ni kwamba kuvu hawana klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, kwa hiyo hawajitengenezei chakula kwa mwanga wa jua, bali hutoa vimeng'enya vinavyomeng'enya mabaki ya viumbe nje ya mwili wao, kisha hufyonza kilichoyeyuka kupitia nyuzi nyembamba zilizoenea ndani ya udongo au mti uliooza. Aidha, kuta za seli zao zina kitini, ambayo hupatikana pia katika gamba la kaa na la wadudu, na akiba yao ya wanga ni glikojeni kama ilivyo kwa wanyama. Uchunguzi wa vinasaba nao umethibitisha kwamba kuvu wana undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko mimea, jambo ambalo naliona la kustaajabisha mno na linalostahili kufundishwa mapema.

Tahadhari moja: si kila kinachofanana na kuvu ni kuvu. Kimelea kinacholeta baka jani chelewa kwenye viazi na nyanya, Phytophthora infestans, kiliwahi kuhesabiwa miongoni mwa kuvu, lakini kuta za seli zake zimejengwa hasa kwa selulosi, dutu inayojenga pia kuta za seli za mimea, na ndugu zake wa karibu ni mwani wa kahawia.